Kola ya plastiki ya kumzuia mbwa asijilambe: nimeitumia karibu miezi miwili, haya ndo maoni yangu

Kwa wenye haraka nianze na jibu: inafanya kazi, nunueni, ila hakikisheni saizi ni yenyewe, na mkishamvalisha mbwa msikae mkadhani mmemtibu. Kola inazuia ulimi basi. Kile kinachomfanya mbwa alambe sehemu moja usiku kucha kinabaki palepale, siku ukiitoa anaanza upya. Mimi hilo limenigharimu wiki mbili nzima na kidonda kilichofunga kikafunguka tena, ndo maana nimeona niandike kirefu kidogo, labda kuna mtu yuko kwenye hali niliyokuwa nayo mwezi wa pili.

Mbwa wangu anaitwa Bosko, ana miaka sita, chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji, kilo 31. Tunakaa Kimara. Mchana yuko bandani, usiku tunamfungulia anazunguka uani, kama mbwa wengi wa mtaani kwetu. Mwezi wa kwanza mwanangu wa mwisho alienda bweni kuanza kidato cha kwanza, na yeye ndo alikuwa rafiki wa Bosko, akitoka shule kabla hata ya kuvua sare anapitia bandani kwanza. Wakati ule sikuunganisha hayo mambo mawili kabisa.

Dirisha la chumba changu linatazama banda. Nikawa nasikia saa nane usiku lap lap lap lap, inaenda dakika kumi, inanyamaza, inaanza tena. Mwanzoni nilidhani anakunywa maji. Siku ya tatu nikatoka na tochi ya simu nikamkuta kalala, kaunyoosha mguu wa mbele wa kushoto anaulamba juu kidogo ya kiganja, pale ambapo kwa binadamu ungesema ni kifundo cha mkono, macho kayafumba nusu kama mtoto anayenyonya. Nikimwita anainua kichwa, ananiangalia, anarudi palepale. Manyoya ya hapo yalishaanza kuwa mekundu kama kutu, maana mate yakikaa sana kwenye manyoya yanayabadilisha rangi. Baada ya wiki kama tatu manyoya yameisha, ngozi imetuna, ngumu, inang'aa, na katikati kidonda ukubwa wa kifuniko cha soda. Kilikuwa na harufu, unaisikia kabla hujainama.

Ushauri niliopewa mtaani jamani naomba niuseme wazi ili usije ukaufuata. Wa kwanza aliniambia nipake oili chafu ya gari. Wa pili pilipili. Wa tatu akasema mpe panadol ana maumivu huyo. Oili chafu mbwa atailamba yote imuingie tumboni, pilipili kwenye kidonda ni kumtesa kiumbe ambaye hawezi kukueleza, na panadol kwa mbwa ni hatari kweli, inaweza kumuharibu ini na damu, usimpe dawa ya binadamu kwa kukadiria hata siku moja. Mimi nilienda duka la dawa za mifugo, kijana wa pale bila kuuliza hata mbwa ana umri gani akanipa chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe akasema changanya na maji pulizia hapo. Nashukuru nilisoma karatasi yake kabla sijafungua. Nilirudi nayo, hakukubali kunirudishia hela, ikabaki.

Kola ya kwanza haikuwa ya dukani. Jirani yangu mzee mmoja, mtu wa msikitini, mbwa hamgusi na mate ya mbwa kwake ni najisi, lakini huyo mzee ndo aliyekuwa ananiuliza kila asubuhi ukutani "mgonjwa kaamkaje?" Siku moja akaniambia mwanangu, subiri, akaingia ndani akatoka na bahasha ya picha zake za eksirei za zamani, alivunjika mguu miaka ya nyuma, akasema hizi sina kazi nazo tena, zikate umfungie shingoni asifikishe mdomo. Nilikata mbili nikaziunganisha kwa gundi ya karatasi pana, kingo nikazizungushia kitambaa cha pamba maana filamu ile ikikatwa inakuwa kali kama wembe. Bosko akisimama upande wa jua ulikuwa unaona mfupa wa mguu wa mzee umezunguka shingo yake. Ilisaidia siku nne. Tatizo filamu ni laini, aligundua akiikandamiza ukutani inajikunja na ulimi unafika. Kama huna hela leo na kidonda kipo leo, hiyo itakuvusha siku mbili tatu, zaidi ya hapo hapana.

Basi nikanunua ya dukani, hii ninayoiandikia. Kwa wasioijua, ni karatasi ngumu ya plastiki unaizungusha shingoni inakaa kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa, mdomo mpana kwa mbele, mbwa kichwa chake kiko katikati. Nilinunua ya kwanza elfu 25, muuzaji akanihakikishia saizi ya kati inamtosha mbwa yeyote mkubwa. Haikumtosha. Ilikuwa inaishia usawa wa pua, kwa hiyo Bosko akawa anaubana mguu kwenye ukingo wa kola anaulamba vizuri tu, tena ukingo ukawa unakwangua kidonda. Kubadilishiwa nikakataliwa kwa sababu imeshavaliwa. Ya pili nikanunua duka lingine elfu 38, hiyo ndo iliyokaa.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani chukua futi kamba ya fundi cherehani upime vitu viwili: mzunguko wa shingo pale mkanda unapokaa, na urefu kutoka hapo shingoni hadi ncha ya pua. Kola ikishavaliwa lazima ipite pua kwa vidole viwili vitatu hivi. Shingoni iwe inaingiza vidole viwili vyako bila kulazimisha, ikiwa legelege zaidi ya hapo ataivua kwa mguu wa nyuma ndani ya dakika, ikibana zaidi itamchubua. Na chagua yenye vitanzi vya kupitishia mkanda wake wa kawaida wa shingoni, zile zinazotegemea vifungo vya kubonyeza peke yake zinafunguka. Ya kwangu vifungo viwili kati ya vitatu vimeshakatika, sasa inashikwa na mkanda tu, hapo watengenezaji wamezembea kwa kweli.

Kuna ile nyingine ya kujaza upepo, kama mpira wa kuogelea wa watoto. Nilimwazima shemeji yangu nikaijaribu. Inapendeza, mbwa analala vizuri nayo, anakula bila shida. Kwa kidonda cha mgongoni au tumboni nadhani inatosha. Kwa mguu wa mbele haifai hata kidogo, Bosko alifika kwenye kidonda mbele ya macho yangu. Usipoteze hela kama shida iko miguuni.

Siku ya kwanza na kola kubwa iliniumiza roho. Alisimama katikati ya uwanja hajui aende wapi, akageuka akagonga mlango wa banda, akarudi nyuma akagonga ndoo, akalala chini anapumua kwa nguvu. Kila akipita mlangoni plastiki inakwaruza fremu kraaa, hadi leo rangi ya mlango ina mstari mweupe. Nilitaka kuitoa usiku uleule. Msitoe. Siku ya pili alishajua kupima mlango, ya tatu anatembea kawaida. Kilichomsaidia ni kwamba nilimpa vipande vya nyama kila nikimvalisha, mpaka akawa anaingiza kichwa mwenyewe.

Bakuli la chakula la kwake lilikuwa chini, na kola, akiinama, mdomo wa kola unagusa sakafu kabla pua haijafika kwenye chakula. Nikaweka matofali mawili, juu yake bakuli dogo jembamba linaloingia ndani ya kola, akala. Maji vivyo hivyo, na kwa joto la Dar la mwezi wa tatu hakikisha anafikia maji muda wote na yuko kivulini kwa sababu ile plastiki inashika joto. Usimfunge mnyororo akiwa amevaa kola, inaweza kunasa. Ioshe kila siku kwa maji ya sabuni, ndani kunajaa mate na mabaki ya ugali, usipoosha inanuka na shingo inapata upele. Na ukumbuke akivaa hiyo hawezi kujisafisha, kwa hiyo kupe za masikioni na shingoni ni kazi yako kuzitafuta kila jioni. Mimi nilizitoa tatu siku moja.

Sasa hapa ndo kwenye jambo lenyewe. Wiki mbili za kola peke yake, kidonda kilikauka, kikafunga, nikafurahi, nikaitoa. Usiku wa pili nikasikia lap lap lap. Asubuhi kidonda kiko wazi kuliko mwanzo.

Nikampigia daktari wa mifugo anayekuja nyumbani, elfu 60 kwa kuja tu, vipimo na dawa mbali. Niliona ni hela nyingi, na sasa naona ningeanza na hiyo ningeokoa za dukani. Alikaa na Bosko karibu saa nzima. Kabla hata ya kugusa mguu aliniuliza maswali, ameanza lini, analamba saa ngapi, nini kimebadilika nyumbani mwezi huo. Nikajibu hakuna. Akauliza tena, hakuna mtu aliyehama, hakuna mbwa aliyekufa, hamjabadili banda? Hapo ndo nikamkumbuka mwanangu.

Halafu akachukua kitana chembamba akamchana mgongoni karibu na mkia, vile vumbi vyeusi vilivyotoka akavidondoshea juu ya tishu nyeupe iliyoloweshwa maji. Tukasubiri kidogo. Vile vidoti vikaanza kutoa duara jekundu la kahawia kwenye tishu. Akaniambia hicho ni kinyesi cha viroboto, ni damu ya mbwa iliyomeng'enywa, ingekuwa mchanga wa kawaida usingetoa rangi. Mimi sikuwahi kuona kiroboto hata kimoja kwa Bosko, manyoya yake ni mazito. Kipimo hicho unaweza kukifanya mwenyewe leo nyumbani, hakina gharama. Na akanieleza kuua vile ulivyoviona mwilini haitoshi maana mayai na viluwiluwi vyake wengi wao wako kwenye matandiko na kwenye nyufa za banda, kwa hiyo banda lisafishwe, matandiko yachomwe au yafuliwe kwa maji ya moto, na mbwa apewe dawa kwa miezi mfululizo.

Akabonyeza kila kiungo cha mguu kuanzia vidole hadi begani anamwangalia usoni. Akagandisha kipande cha kioo kwenye kidonda akaondoka nacho kwenda kukitazama kwa darubini. Tulienda pia kupiga eksirei kliniki, kwa sababu mbwa anaweza kulamba juu ya mfupa uliopasuka au kiungo kinachouma au hata mwiba uliozama ambao kwa nje huuoni. Mifupa ilikuwa salama. Darubini ikaonyesha bakteria wengi, maambukizi yameingia chini ya ngozi.

Alivyonielezea nilielewa hivi: kitu kidogo kinaanza, labda kiroboto kimemuuma, labda mchubuko. Analamba. Kulamba kunamtuliza, na yeye yuko peke yake siku nzima, hana cha kufanya, rafiki yake hayupo. Ngozi inachubuka, bakteria wanaingia, inawasha zaidi, analamba zaidi. Sasa ukiwa umefika hapo hata ukiondoa sababu ya kwanza duara linajizungusha lenyewe. Kidonda cha namna hii kinatokea sana kwa mbwa wakubwa, Labrador, Doberman, German Shepherd, na sana kwenye mguu wa mbele. Kuna wanaofikia hatua ya kutoweza kuacha hata kila kitu kikitibiwa, hao wanapewa dawa za kutuliza akili. Aliniambia mwaka 1992 kule Marekani daktari wa akili Judith Rapoport na wenzake walijaribu kwa mbwa wa aina hiyo dawa zilezile wanazopewa watu wasioweza kuacha kunawa mikono, na mbwa zikawasaidia. Nilikaa kimya niliposikia hivyo. Nilikuwa namfokea Bosko usiku, "acha!", kumbe si ukaidi.

Bosko hakuhitaji dawa hizo. Alipewa antibayotiki wiki sita, na dokta akasisitiza nisikatishe nikiona pamekauka, maambukizi ya ndani ya ngozi hayaishi kwa dozi ya siku tano. Dawa ya viroboto. Kola ikarudi shingoni, safari hii ikiwa na kazi yake halisi, kuupa mguu nafasi ya kupona wakati dawa zinafanya kazi. Na kutembezwa mara mbili, saa kumi na mbili asubuhi na jioni nikirudi, nusu saa nusu saa. Mchana nikawa namwachia barafu la supu kwenye kopo la aiskrimu, supu ya mifupa isiyo na chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), ndani nimezamisha dagaa. Hiyo namvulia kola nakaa naye, anahangaika nayo karibu saa nzima, ulimi una kazi nyingine. Siku za wiki dada wa kazi ndo anayekaa naye.

Kitu kingine, kola hii si ya kila mbwa anayelamba. Dada yangu yuko Moshi, mbwa wake analamba sakafu, ukuta, miguu ya makochi, halafu anameza meza mate na kukimbilia nje kula majani. Alitaka nimtumie kola kwa basi nikamkatalia. Watafiti wa chuo kikuu cha Montreal kule Kanada, utafiti wao ulitoka 2012, waliwapima mbwa 19 wanaolamba vitu hivyo na 14 kati yao walikutwa na shida za tumbo na utumbo, na wengi waliotibiwa tumbo walipunguza kulamba au kuacha. Kwa hiyo huyo ni wa kupimwa choo na tumbo, kola itamnyima tu njia ya kukuambia ana kichefuchefu. Mbwa anayelamba viganja vyote vinne, hasa katikati ya vidole, mara nyingi ni aleji. Anayelamba nyuma chini ya mkia na kujiburuza, waza minyoo au vile vifuko viwili vya pale nyuma vimeziba. Sehemu anayolamba inakuambia kitu, iangalie kabla ya kutoa hela.

Na hili nalisema kwa uzito: kama mbwa hana chanjo ya kichaa, na ghafla amebadilika tabia, anatoa mate mengi, anajilamba au kujitafuna mahali alipong'atwa na mbwa mwingine, usimsogelee na kola wala usitie mkono mdomoni. Mfungie, ita wataalamu wa mifugo. Mate yake yakigusa kidonda chako au macho, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, macho kwa maji matupu, uende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Usisubiri uone kama atakufa.

Kwa kola yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa vile vifungo. Ile ya saizi ya kati elfu 25 siipi hata moja kwa mbwa wa kilo 30 kwenda juu.

Dozi iliisha katikati ya mwezi wa tano. Kola niliivua kidogo kidogo, kwanza mchana nikiwepo, halafu mchana wote, mwisho usiku. Pale mguuni manyoya yameota tena, mengine yametoka meupe, na ngozi ukiipapasa bado ina ugumu kidogo. Kola nimeiosha nimeitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Mwanangu amefika likizo wiki iliyopita na begi lake halijaingia ndani, lilibaki nje ya banda mpaka giza. Juzi usiku wa manane nikasikia tena lap lap lap. Nikatoka na tochi moyo unanidunda. Alikuwa anakunywa maji.